Ndege wa Ishirini

Masukulu,
Tukuyu.
4 Desemba 2025.

Mpendwa Shemeji Ikupa,

Naanza na salamu kabla ya jambo lolote, maana dada yako angekuwapo angesoma barua hii juu ya bega langu na kuniuliza kama adabu nimeisahau kiwandani. U hali gani huko Kasulu? Kifua kimekuacha? Mumeo Venance naye hajambo, au bado anagombana na lile bati linalovuja? Na mtoto je? Nimesikia anatimiza miezi miwili na nusu na tayari hapendi kofia. Nikitaka kuandika jina lake kalamu husimama kidogo kwanza, halafu inaendelea. Esnath mdogo, wajina wa dada yako, hajambo?

Mimi ni mzima, kwa kiasi ambacho mtu anatakiwa kuwa mzima ili asisumbue majirani. Ninakula. Ninalala. Ng'ombe ananifahamu. Mvua imeanza tangu mwezi uliopita na unaijua mvua ya kwetu, haina habari ya kupumzika. Migomba imesimama vizuri, isipokuwa ule wa karibu na choo ulioangushwa na upepo, na ndizi zake nimewapa watu kwa sababu mkungu mzima ni chakula cha watu wawili.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nitakuambia ukweli. Siku ile uliponiuliza kwenye simu tulivyomzika dada yako, nikasema tulimzika vizuri, halafu ukasikia mtandao umekata. Mtandao haukukata, Shemeji. Nilibonyeza mwenyewe. Karatasi ni nzuri kwa kuwa haisemi "haloo, haloo" mtu akinyamaza.

Basi, mazishi. Watu walijaa mpaka barabarani. Walikuja wa Kisondela kwa bodaboda, walikuja wa Tukuyu mjini, akina mama walipika ndizi siku tatu bila kuniuliza chumvi iko wapi, kumbe wanaijua kuliko mimi. Watoto wa chekechea waliletwa na mama zao. Waliketi kwenye majani ya mgomba kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa watoto, nami nikadhani wamefundwa. Baadaye nikagundua walikuwa wanamngoja Mwalimu wao, dada yako, atoke ndani awaambie wapange mstari.

Wewe usijilaumu kwa kutofika. Mtu aliyejifungua siku ya mazishi yenyewe hana basi la kupanda. Kila aliyeuliza nilimjibu hivyo, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya ninunue karatasi.

Unakumbuka ndege wako. Ulipokuja kukaa kwetu baada ya mama yenu kufariki ulikuwa na miaka saba, na ulikaa wiki mbili husemi na mtu. Dada yako akachukua mbegu ya parachichi ikawa mwili, maganda makavu ya mgomba yakawa mabawa, manyoya ya jogoo wetu yakawa mkia, punje ya mahindi ikawa mdomo, njiti mbili za kiberiti zikawa miguu. Neno lako la kwanza ndani ya nyumba yetu lilikuwa kwamba ndege huyo ni mnene mno, hawezi kuruka. Tangu siku hiyo watu wakaanza kutuita Mama Ikupa na Baba Ikupa, na kwa kuwa Mungu hakutupa mwingine, majina hayo yakabaki.

Alipoanza kufundisha chekechea ya kanisani, kila mtoto anayemaliza alitengeneza ndege wake mwenyewe kwa mikono yake. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi, dada yako alibandika macho, punje mbili za pilipili manga, akamtajia yule ndege jina la mtoto na mahali anapokaa ili ajue kwao. Huyu ni fulani, nyumba ya pili baada ya daraja. Huyu ni fulani, kwao ni kwenye mwembe wa mashine. Ukipita Masukulu leo, nyumba nyingi zina ndege juu ya mlango, amening'inia na vumbi lake.

Alipolala mwezi wa tisa, alikuwa anajua haamki. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua, kama kawaida. Jumamosi akaniita nikae kitandani akaniambia:

"Baba Ikupa, watoto wangu wasikose ndege. Ishirini."

Nikamwambia ni kumi na tisa, mama. Akasema ishirini. Nikamwambia darasani wapo kumi na tisa. Akasema ishirini, hesabu vizuri. Shemeji, mimi nikainuka, nikaenda kuleta daftari la mahudhurio, nikamsomea majina yote, mmoja mmoja, mpaka la kumi na tisa. Mtu anakufa na mumewe anamwonyesha rejista. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Haya. Wewe tengeneza tu." Jumatatu alfajiri akaondoka. Nilijiambia ni homa iliyomchanganyia hesabu.

Kwa hiyo baada ya matanga kwisha nikaenda kanisani, nikawaambia wazee kwamba nitafundisha ndege. Walikuwa wamempata binti mmoja, Mwalimu Monica, mwenye subira na sauti nzuri, wa kuwafundisha herufi na namba. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mambo ya gundi na manyoya hayawezi. Mzee Asajile, ambaye unamfahamu, alisema wazazi wa siku hizi wanataka Kiingereza, hawataki ndege. Halafu akasema, kwa heshima ya marehemu, mwaka huu wafanye, mwakani tutaona. Nikaelewa kwamba nikiharibu mwaka huu, hakuna mwakani. Ndege wa dada yako wangeishia mikononi mwangu.

Basi nikaanza kuitwa Babu Mwalimu. Watoto kumi na tisa, wa miaka minne mpaka sita, na mimi nimezoea mashine. Mashine ikikuchoka inapiga kelele sehemu moja. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba gundi ya uji wa unga wa ngano isitiwe sukari. Nilitia kidogo ili inate. Asubuhi sisimizi walikuwa wamebeba mabawa matatu na wako njiani na la nne.

Yupo mtoto mmoja anaitwa Atupele, ana miaka mitano na nusu, na hiyo nusu haiachi. Kila nilichofanya alisimama pembeni amefunga mikono, akasema, "Mwalimu hakufanya hivyo." Manyoya ya mkia, Mwalimu hakufanya hivyo. Namna ya kukunja ganda la mgomba, Mwalimu hakufanya hivyo. Mbegu nilikusanya za kila aina, nikagundua kwamba ile ndogo ya parachichi la kusafirisha inatoa shomoro na ile kubwa ya kienyeji inatoa bata, na nikaona nimekuwa fundi. Nilipoanza kutoboa mbegu kwa msumari, kwa sababu watoto walishindwa kuingiza njiti, Atupele akasema, "Mwalimu anazipika kwanza."

Nikacheka. Nikamwambia mbegu haipikwi, mjukuu wangu, hakuna anayeila.

Shemeji, lile sufuria unalijua. Lile jeusi, la mpini mmoja. Kila mwezi wa kumi dada yako alikuwa analijaza mbegu na kulichemsha mchana kutwa, nami kila mwezi wa kumi nilikuwa namuuliza supu yake ya mbegu itaiva lini, tukaribishe wageni. Miaka kumi na sita nimesema mzaha huo huo. Alikuwa anacheka kidogo, mara nyingine hacheki. Sikuwahi kuuliza kwa nini anazichemsha. Nilidhani ni mambo ya wanawake na usafi.

Kwa hiyo mimi sikupika. Nilitoboa, tukabandika, nikawaweka ndege wote kumi na tisa kwenye ndoo ya plastiki, nikawafunika kwa majani mabichi ya mgomba na kifuniko juu ili panya wasile, nikaweka kabatini kanisani. Nikajisifu kabisa kwamba wametulia.

Jumatano ya wiki ya mahafali, tukiwa na siku mbili mbele, nilifungua ndoo watoto wakiwa wamenizunguka. Mabawa yalikuwa yamedondoka. Miguu imechomoka. Kila ndege alikuwa amepasuka tumbo, na kwenye mpasuko umetoka mzizi mweupe, mnene kama kidole cha mtoto.

Mimi ni mtu wa Rungwe. Nimezaliwa chini ya mparachichi. Tena nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kikaushio cha kiwanda cha chai, kazi yangu yote ilikuwa kujua nini kitatokea kwa kitu kinachofungiwa na maji yake ndani. Na nimechukua mbegu mbichi kumi na tisa, nikaziweka kwenye giza na unyevu kwa wiki nne, nikangoja ziwe ndege.

Hakuna mtoto aliyelia. Ningependa wangelia. Walinitazama kama walivyotazama ule mlango siku ya mazishi. Mwalimu Monica akashika kinywa. Nikamgeukia Atupele, nikamuuliza, kwa upole wa mtu aliyeshindwa, Mwalimu alisema nini kuhusu kupika.

Akasema, "Mwalimu alisema mbegu haitaki kuwa ndege. Inataka kuwa mti. Kwa hiyo unaipika kwanza, halafu unaiomba samahani."

Labda wewe hayo unayajua tangu utotoni, nami ndiye nilikuwa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yangu. Nilirudi nyumbani kwenye mvua. Nikalitoa lile sufuria, nikawasha moto, nikamimina mbegu mpya nilizookota kwa majirani. Zilipochemka nikajaribu moja kwa njiti, ikaingia laini kama kwenye ndizi iliyoiva. Hapo nikaelewa jambo la pili ambalo hata Atupele hakunieleza. Alikuwa anazipika ili mkono wa mtoto wa miaka minne uweze kuingiza njiti peke yake, bila msumari, bila babu. Nilikaa kwenye kigoda chake nikilikoroga lile sufuria. Nikasema samahani kila lilipotoa povu, na sikuwa naiambia mbegu. Jirani alipita akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, kuni mbichi.

Alhamisi asubuhi watoto waliingiza miguu na midomo wenyewe, kazi ya nusu saa. Ila mbegu ya kuchemshwa ikiwa na maji haishiki gundi, na kwa mvua hii kukauka ni wiki nzima juu ya jiko. Nikafanya nisichotarajia kufanya tena: nikarudi kiwandani. Mlinzi wa getini ni kijana mgeni, akataka kujua nimebeba nini kwenye sinia. Nikamwambia ndege. Akafunua kitambaa, akaona mbegu kumi na tisa zina miguu na midomo, akanitazama muda mrefu, akaniruhusu. Nadhani aliogopa.

Meshaki, niliyemfundisha kazi mwenyewe, sasa ndiye msimamizi wa kikaushio. Hakuuliza maswali. Alilichukua sinia akaliweka kwenye ukingo wa mashine, pale hewa ya moto inapotokea, mahali pangu pa zamani pa kuwekea viazi. Nilikaa hapo toka saa sita mpaka saa kumi na moja jioni nikizigeuza moja moja. Zilitoka na nyufa mbili tatu na harufu ya chai, lakini zilitoka kavu. Meshaki aliniambia neno moja tu wakati naondoka, kwamba mwanawe alitengenezewa ndege na Mama Ikupa mwaka ule ule mtoto alipofariki, na ndege huyo yuko bado juu ya mlango. Hilo pia sikulijua.

Ijumaa asubuhi watoto walibandika mabawa na mikia, na mchana mahafali yakafanyika. Wazazi walijaa, watoto wakaimba Kiingereza, Mzee Asajile akafurahi. Zile mbegu zilizoota watoto walikataa zitupwe, wakazipanda kwenye viriba vya miche nyuma ya kanisa na Mwalimu Monica. Mzee Asajile alipoziona akapata hotuba humo, juu ya mbegu na kaburi na ufufuo. Watu waliitikia sana. Mimi nilitoka nje kidogo. Ni hotuba nzuri, ila sikuwa nataka fundisho. Nilikuwa namtaka mke wangu.

Niliporudi, watoto walikuwa wamepanga mstari mbele ya kiti chake, ndege mikononi, wote hawana macho. Hakuna aliyewaambia. Nikakaa, maana hapakuwa na mwingine. Nikachukua pilipili manga na gundi, mkono ukaanza kunitetemeka, na wa kwanza kwenye mstari, nani kama si Atupele, akaniinamia sikioni.

"Babu, ukitetemeka atakuwa na kengeza."

Basi nikaacha kutetemeka. Nilimwekea macho, nikamtajia jina na nyumba, nikaendelea mpaka wa kumi na tisa. Wawili wana kengeza, sitataja ni wa nani. Nilipofuta mikono nikasema kwa sauti, tumemaliza, wote kumi na tisa, na moyoni nikamwambia dada yako, unaona.

Atupele akauliza, na wa ishirini yuko wapi?

Nikamwambia ishirini hawapo, mko kumi na tisa. Akanitazama vile anavyonitazama. Akasema Mwalimu aliwaambia yuko mmoja anakauka nyumbani, juu ya jiko, wa mtoto ambaye bado hajafika.

Sikusubiri pilau. Nilikwenda nyumbani, nikapanda kwenye kigoda, nikapapasa lile dari la juu ya mafiga ambako mimi sipeleki mkono kwa sababu ya masizi. Nyuma ya mahindi ya mbegu kulikuwa na kopo la maziwa. Ndani yake, amefungwa kwenye kipande cha khanga yake ya zamani, ndege. Mbegu ndogo, ya shomoro. Mabawa yote mawili, mkia wa jogoo, miguu imenyooka. Macho hana. Chini ya tumbo ameandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: Wa Ikupa.

Wakati ule mimba yako ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Alikuwa amekwisha kumhesabu mwanao. Na mimi nikamletea daftari.

Shemeji, ndege huyo yumo kwenye boksi hili ulilopokea pamoja na barua. Nimempa dereva wa basi toka Mbeya na nimemwambia ni kitu kinachovunjika, akauliza ni kioo, nikasema ndiyo. Kwenye kikaratasi kilichosokotwa kuna punje mbili za pilipili manga. Nilijaribu kuyaweka macho mwenyewe Jumamosi. Nilikaa naye mezani mpaka uji wa gundi ukaganda, nikaona hii siyo kazi yangu. Macho weka wewe. Gundi ni unga wa ngano na maji ya moto, sukari usitie. Mtundike juu, mtoto asije akafikia pilipili. Wala usiogope unyevu wa huko, huyu hataota kamwe. Amepikwa na mwenyewe.

Wasalimie sana Venance na mama mkwe wako, mwambie mgongo wangu unausalimu wake. Huku wanakusalimu Mwalimu Monica, Meshaki, na Mzee Asajile, ambaye amesema mwakani ndege wataendelea, ila niongeze nyimbo. Atupele anakwenda darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Hajakusalimu kwa sababu hakujui, lakini ameniagiza nihakikishe macho hayana kengeza.

Mungu awalinde nyote watatu, awape usingizi, na mvua ya kadiri.

Ukishaweka macho, mtajie jina la mtoto, umwambie kwao ni Kasulu. Halafu, kama hutachoka, mwambie na huku. Masukulu, nyumba yenye migomba mitatu mbele, na mmoja ulioanguka karibu na choo. Mwambie mwenye nyumba yupo, mlango hafungi.

Mimi, niliyekupenda tangu hujasema neno,
Abrahamu,
ambaye huku bado wananiita Baba Ikupa.